Barua kwa mwanangu: huyo mteja wa Pijo mwambie asije

Mwanangu,

Hapa nyumbani Tanga hatujambo. Mvua zimekatika, mwembe wa uani umezaa mpaka matawi yanalalia bati, na paka wako wa rangi mbili kazaa tena ndani ya sanduku la vitabu vya baba yako. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeuona. Nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Huyo mteja wa Ilala anayetaka kuja na gari la kuvutia alichukue Pijo la marehemu baba yako, ile pikapu yake ya Peugeot 504, mwambie asije. Gari haliuzwi. Wala halihitaji kuvutwa, maana Jumamosi iliyopita nimeliendesha mimi mwenyewe hadi Lushoto, na Jumapili nikalirudisha.

Kaa kwanza. Najua umesimama.

Tuanze na leseni, ndiyo utakayoiuliza. Zile Jumanne na Alhamisi nilizokuwa nakwambia niko kwenye vikoba, nusu yake nilikuwa chuo cha udereva. Vijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho walikuwa wakinipisha kiti cha mbele na kuniita bibi, tukaenda hivyohivyo mpaka siku ya mtihani. Lakini yale magari ya chuo ni vigari vya siku hizi, gia iko chini, unakanyaga kinakwenda. Pijo nilifundishwa na fundi wetu wa barabara ya kumi na nne, alfajiri, kule Raskazone, kabla watu hawajatoka kufanya mazoezi. Gia yake si unaijua, iko shingoni mwa usukani kama mwiko uliochomekwa ubavuni mwa sufuria. Wiki mbili nzima nikitafuta gia ya pili napata ya nne. Fundi hakusema neno, ila mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki ambayo upande wake haipo.

Baba yako, Mungu amrehemu, miaka yote ile hakuniruhusu hata kulisogeza lisikae juani. Nazi nilimhesabia, daftari la mafuta nilimwandikia, viti nilimshonea vitambaa. Usukani sikuugusa. Nikimwomba anasema, "Mwalimu, hili gari lina tabia." Sasa nimekaa nalo, tabia yenyewe nimeijua. Ni ya kwake.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki kwa nini alishikilia Pijo wakati wenziwe wote wamekimbilia Toyota. Mwaka 1963 alikuwa na miaka minane, na amu yake alikuwa na redio. Mbio za Safari za mwaka ule yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu, la kwanza likiwa Peugeot 404 la Nowicki na Cliff. Saba! Alikuwa akilitamka hilo neno kama mtu anayetaja idadi ya mbingu. Ukimwambia habari za 1975 na 1978, ambapo 504 yenyewe ndiyo iliyoshinda, anatikisa kichwa kukubali, ila moyo wake ulibaki kwenye yale saba. Pikapu ya 504 ilipotoka mwaka 1979 alikuwa bado anaendesha baiskeli. Akangoja. Alipopata hii yetu, tayari ilikuwa na wenyewe wawili kabla yake, na bado aliileta nyumbani kama anayeleta bibi harusi.

Basi safari. Niliondoka na mama yako mdogo baada ya sala ya alfajiri. Fundi alinionya nisiende mtupu: nyuma kuna springi za majani, vile vyuma bapa vilivyopangana, zilizotengenezwa kubeba tani moja na ushee, ukiiendesha tupu inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Tukapakia nazi mia mbili, magunia mawili ya chumvi, na papa mkavu kwa ajili ya shemeji zangu wa Soni, ambao ukienda kwao bila papa wanakuuliza kama bahari imekauka.

Pongwe, Muheza. Pale Muheza mama yako mdogo alitaka machungwa, nikakataa kusimama kwa sababu kusimama kulikuwa bado kunanipa shida kuliko kwenda. Mkonge kando ya barabara tuliuona mpaka tukauchoka, na mimi, ualimu haujanitoka, nikamsomesha lile somo la darasa la tano: Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja mwaka 1893, ikafika hapa mizima 62, na mashamba yote ya mkoa huu yakaanzia kwenye hiyo. Akaniuliza, "Dada, unatazama barabara?" Nilikuwa natazama.

Segera tukakunja kulia. Mwendo wangu sitini, sikuzidisha. Kila basi lililotupita lilitupigia honi, na mama yako mdogo akawa anapunga mkono akidhani tunasalimiwa. Korogwe hatukusimama. Mombo tukanywa chai na chapati, nikafungua boneti kuangalia maji, na wapiga debe wote wa stendi wakaja kuangalia na mimi.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu. Lakini ndani ya hizo kilomita unapanda kama mita elfu moja, na njia haiendi, inajinyonga. Mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo, na mto chini unausikia kabla hujauona. Niliweka gia ya pili nikaiacha hapo. Mwendo wa gia ya pili, mwanangu, ni mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo. Unaona kila kitu. Nimeona mwanamke anapalilia maharage kwenye mteremko ambao mimi nisingeweza hata kusimama. Nimeona migomba iliyoota juu ya mapaa ya nyumba, au ndivyo ilivyoonekana, kwa sababu nyumba iko chini ya barabara na shamba liko juu ya nyumba. Watoto walikuwa wamenyanyua mapeasi kwenye vindoo. Na ubaridi ule, hauji polepole. Unakata kona moja joto la Mombo bado umelivaa mwilini, unakata ya pili mtu anakuvua.

Njia hiyo nimepita labda mara arobaini katika ndoa yangu. Sikuwahi kuiona. Kupanda tulipanda usiku, ili alfajiri awe sokoni anapakia kabichi na karoti. Na kushuka, nitakueleza habari ya kushuka.

Kabla ya kufika Soni gari likakohoa mara tatu, likazima. Nikalivuta pembeni, mama yako mdogo akaruka na jiwe kuweka kwenye tairi kabla sijamwambia, akumbukwe kwa hilo. Wakaja vijana watatu wa bodaboda. Wa kwanza akasema ni plagi. Wa pili akasema betri. Wa tatu akauliza, "Mama, mwenye gari yuko wapi?" Nikamwambia, "Unazungumza naye."

Haikuwa plagi wala betri. Fundi alikuwa ameshanieleza: pampu ya petroli imefungwa kwenye ubavu wa injini, na ukipanda mlima polepole upepo wa kuipoza haupo, petroli inachemka humohumo na kuwa mvuke kabla haijafika kwenye kabureta. Pampu inasukuma petroli, mvuke haiuwezi. Dawa yake ni maji na subira. Nikavua kanga ya mabegani, nikailowesha kwenye kijito kinachotiririka kandokando ya barabara, nikaizungushia pampu, tukakaa juu ya magunia ya chumvi tunakula mapeasi. Dakika ishirini. Wale vijana hawakuondoka, walitaka kuona aibu yangu. Nilipopiga stata likaitika mara moja. Yule wa tatu akasema, "Bibi, shikamoo." Hakuwa amenisalimia mwanzo.

Pale Soni maporomoko ya maji yako karibu na barabara kabisa. Baba yako kila tukipita hapo alikuwa akinyoosha kidole upande wa Vugha na kusema, "Kwa Kimweri," kama vile Kimweri, yule mfalme wa Wasambaa wa zamani, bado anatungoja na chai. Safari hii nimenyoosha kidole mimi, mama yako mdogo akauliza, "Kuna nini?" Nikasema kwa Kimweri. Akatazama gizagiza la miti akasema haoni mtu.

Mzigo tuliushusha kwa shemeji zangu. Amu yako mkubwa alizunguka gari, akachungulia hata nyuma ya kiti, akitafuta dereva. Alipoamini, akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza ghafla akafuta macho. Sikumwuliza alichokuwa akikicheka wala alichokilia.

Mchana tukapandisha Lushoto, tukaenda mpaka Irente. Wewe ulipelekwa ukiwa shule, usiniambie unapakumbuka. Pale shambani kwa Walutheri tulinunua mkate mweusi, jibini na jamu, tukaenda kula pale kwenye jabali ambapo dunia inaishia. Chini kabisa ni Mazinde, mkonge umepangwa mistari kama nywele zilizochanwa kwa kitana, na mbele yake nyika ya Wamasai haina mwisho. Barabara tuliyojia asubuhi ilikuwa uzi. Basi moja lilikuwa likienda juu ya uzi huo, dogo kama chawa, na bila shaka lilikuwa likimpigia mtu honi. Mama yako mdogo, ambaye unamjua, alikaa nusu saa hajasema neno. Niliogopa nikamwuliza kama anaumwa.

Sasa kushuka. Hii ndiyo sehemu niliyotaka uisome, hayo mengine ungeweza kuyasikia kwa simu.

Baba yako alikuwa akifika juu ya mteremko anaweka frii, halafu anazima injini kabisa. Anasema anaokoa mafuta. Gari linaserereka kimya, unasikia upepo tu na mzigo unaolalamika nyuma. Mimi nimekaa pembeni, macho kwenye mikono yake, midomo inasoma kila aya niliyowahi kufundishwa madrasa. Mlima ulikuwa upande wa dirisha langu, miaka yote hiyo, na mimi naangalia vidole vya mume. Nikirudi nyumbani nafungua daftari, naandika lita alizookoa, na tena nampongeza.

Fundi ndiye aliyenieleza, bila kujua anachonieleza. Breki za gari lile zina sevo, inayosaidia mguu, na sevo inapata nguvu kutokana na injini inayozunguka. Ukizima injini, unabaki na mikanyago miwili au mitatu, kisha pedali inakuwa jiwe. Na breki zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto mpaka haziumi tena. Wazee wa njia wanasema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, injini yenyewe ikuzuie, mguu wa breki uguse na kuachia.

Jumapili nimeshuka na gia ya pili, kutoka juu mpaka chini. Injini inapiga kelele kama mtu anayegoma kutoka nyumbani. Nyuma yangu lori la kabichi lilinipigia honi kona sita, nikapata mahali pa upana nikampisha. Milima nimeiona mara ya pili, na kwa upande huu ni mizuri zaidi, kwa sababu nyika inakufungukia kidogokidogo katikati ya kona. Mombo nikasimama, nikashuka, nikagusa rimu za mbele. Zina uvuguvugu tu. Nikakumbuka zile siku tulizofika hapohapo moshi unatoka magurudumuni, na yeye anasema ni vumbi.

Nilikasirika, mwanangu. Katikati ya stendi ya Mombo, nimechuchumaa nimeshika rimu, nikamkasirikia marehemu kwa sauti. Wewe ulikuwa umekaa katikati yetu mara nyingi kwenye safari hizo, umelala kichwa mapajani mwangu. Mama yako mdogo akaninyanyua akaninunulia soda. Njia yote hadi Segera sikuzungumza. Muheza nikasimama, tukanunua machungwa.

Basi huyo mteja wako mrudishie pesa ya udalali kama umeshaila. Likizo ya watoto njoo nao. Kiti kinachukua watatu, mkubwa atakaa nyumbani na mama yako mdogo, mdogo akae katikati, na wewe utakaa dirishani, upande niliokuwa nikikaa mimi. Usije na ushauri. Ukipita Gerezani niangalizie diafram ya pampu ya petroli ya 504, na mipira ya breki za nyuma, bei utakayoambiwa igawanye kwa mbili ndipo uanze kuzungumza. Pesa nitakurushia kwenye simu.

Ile kanga ya pampu nimeifua mara tatu, harufu ya petroli haijatoka. Ni ile ya bluu, iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Nimeianika uani tangu juzi ipigwe upepo, na jirani yetu wa upande wa msikitini ameisoma, sasa hanisalimii.

Mama yako