Barua ya mzee wa nusu kwa vijana wa Kisomali wa London

Wanangu, assalaam alaykum.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wengi wenu mlilelewa Eastleigh au Mombasa kabla ya kuletwa huku, na Kiswahili hakimwulizi mtu "qolamaad tahay?" Nikifungua kinywa kwa Kisomali, swali hilo la ukoo hunifikia kabla sijamaliza salamu. Basi nijibu mapema: mimi ni Mbarawa, mtu wa Barawa, mji wa pwani ya kusini mwa Somalia. Katika hesabu ya 4.5 ya kugawana viti vya bunge, waliyokubaliana wakubwa kule Arta, Djibouti, mwaka 2000, koo nne kubwa zilipewa fungu zima zima, na sisi wengine tukarundikwa kwenye nusu. Anayewaandikia, kwa hiyo, ni nusu mtu.

Tangu vita vya mji wa Laascaanood vilipolipuka Februari 2023, kati ya Somaliland, eneo la kaskazini lililojitangazia kujitenga na Somalia, na wenyeji wanaoikataa, nimewaona vijana waliosoma darasa moja wakipishana njiani kama hawajuani. Kinyozi wetu, fundi hasa, amekimbiwa na wateja kwa ajili ya ukoo wa babake. Hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa machozi ni maziko ya mama mmoja mwaka ule ule. Alizaliwa upande mmoja, akaolewa upande wa pili. Wanawe walisimama huku kaburini, ndugu zake kule. Mtu na abti wake, mjomba wa damu, hawakupeana mkono. Na wazee wetu walikuwa wakioza binti zao nje ya ukoo kusudi, ili mahasimu wapate wajukuu wa pamoja!

Siwaambii mtupe koo zenu. Nani aliyetupokea tulipofika na mfuko mmoja wa nguo? Qaaraan, mchango wa ukoo, ndiyo iliyolipa nauli za watu, ikalipa hospitali, ikalipa diya kijana alipoua mtu kwa gari. Nauheshimu mchango huo. Ndiyo maana nauliza unakokwenda.

Vita vile viliwahamisha watu zaidi ya 150,000, na waliotuma dawa na mahema Mungu awalipe. Lakini nilialikwa ukumbini siku moja, ahadi zikipita meza kwa meza, pauni hamsini, pauni mia, na kila anayetaja kiasi anapigiwa makofi. Nikauliza: hizi zitanunua nini? Kijana mwenye daftari akaniambia, "Mzee, kunywa chai." Nikanywa. Jibu sijapata mpaka leo.

Najua kila upande una kidonda chake. Mwaka 1988 ndege za Siad Barre, rais wa Somalia wa wakati ule, ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, leo mji mkuu wa Somaliland, zikaupiga mabomu mji huo huo wa Hargeisa. Aliyenusurika pale hana budi kuishikilia Somaliland kama mboni ya jicho. Na aliyezaliwa Laascaanood, aliyeona mji wake ukipigwa mizinga mwaka 2023, naye akikataa kutawaliwa na Hargeisa, nimwambie nini? Sina hukumu ya mipaka. Nina habari ya Barawa tu.

Serikali ilipoanguka Januari 1991, sisi hatukuwa na bunduki wala wanamgambo. Likaja jeshi la ukoo huu likatupora, likafukuzwa na la ukoo ule, nalo likatupora. Kila jeshi lilisema limekuja kutukomboa. Tukapanda majahazi hadi Mombasa. Pale kambini Utange nikalala jirani na wanaume wa koo zile zile, nao wamekimbia, tukigombea foleni moja ya maji. Hakuna aliyeniuliza qolamaad tahay. Ndoo ilikuwa moja.

Ninyi mifereji yenu inatoa maji, alhamdulillahi, ndiyo mnapata wasaa wa kurekodi matusi saa sita usiku na kuyasambaza kwenye simu za watu. Yanafika kule asubuhi. Kijana mwenye bunduki anayasikiliza akinywa chai ya maziwa, anajua London iko nyuma yake.

Ombi langu ni hili. Anayekusanya pesa asome daftari hadharani, kilichonunuliwa na aliyekipokea. Asiyeweza kulisoma asipewe. Matusi yaishie kwenye simu yako, usiyapeleke mbele. Na maiti tuzike pamoja.

Jumamosi baada ya Isha nitakuwa kwenye mkahawa ule wa karibu na msikiti, mnaujua. Njooni pande zote mbili, chai juu yangu. Asiyetaka kukaa na mwenziwe nitamweka kwenye kiti changu: mimi ni nusu tu, nafasi ipo.