Tepu yenu ya gundi na mto uliofumuka siku ya Idd

Mbagala,
Dar es Salaam.
14 Aprili 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TEPU YA GUNDI YA KUTENGENEZEA FORONYA BILA KUSHONA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja niliyenunua pakiti mbili za tepu yenu, ile inayoshikisha kitambaa kwa moto wa pasi, tarehe 26 Machi, katika duka moja la Kariakoo, kwa shilingi 12,500 kila pakiti. Risiti ninayo na nakala yake nimeiambatanisha. Nimeshawapigia simu mara tatu. Ya kwanza nilisikilizishwa muziki mpaka vocha ikakata. Ya pili nikaambiwa nitapigiwa, na hadi leo nasubiri. Ya tatu kijana wenu akanijibu, "Mama yangu, bidhaa haina shida, labda pasi yako haipati moto." Pasi yangu inanyoosha sare za watoto watatu kila Jumapili jioni, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwarudisha nyumbani. Nikaona simu zimetosha, niandike.

Sina ugomvi na kazi ya kutengeneza foronya bila kushona. Nimeifanya miaka mingi kabla tepu yenu haijafika mjini. Unatandaza kipande cha khanga cha mita moja na kitu kila upande, unalaza mto katikati, unakunja pande mbili zikutane juu ya mto, halafu ncha mbili zilizobaki unazivuta na kuzifunga fundo. Hakuna sindano wala gundi, na siku ya kufua unafungua fundo basi. Kasoro yake ni moja: anayeegemea analisikia lile fundo kwenye uti wa mgongo, na watoto wanalifungua kila wanapoangalia katuni. Kwa hiyo nilipoona pakiti yenu imeandikwa "Foronya safi kwa dakika 15, bila sindano, bila cherehani", nikasema hiki ndicho kitu changu. Cherehani sina, na fundi wa mtaani kwetu wiki ile ya mwisho ya Ramadhani ukimpelekea foronya anakutazama kama umemtukana. Magauni ya Idd yalikuwa yamemfunika mpaka kichwani.

Nilinunua doti ya khanga yenye jina "Mgeni njoo mwenyeji apone". Niliichagua kwa makusudi. Nilitaka jina likae mbele ya mto, mgeni akiingia tu alisome. Mito yangu ni minne, sentimita 40 kwa 40, ya sponji. Nikakata kila mmoja kipande cha mbele cha mraba, sentimita 44, na vipande viwili vya nyuma vinavyopandana sentimita 15 hivi ili mto uingie na kutoka bila zipu. Doti ina majina mawili, basi mito miwili ikapata jina na miwili ikapata mji mtupu, yaani sehemu ya katikati ya khanga isiyo na maandishi. Kwa yenye jina nilihangaika kidogo, kwa sababu maandishi ni marefu kuliko mto: "Mgeni" ilianzia ukingoni kabisa na "apone" ikapinda kona. Hilo nalikubali ni langu. Mkasi niliushika mimi.

Sasa tuje kwenye karatasi yenu ya maelekezo. Ina picha tano na maandishi ya Kichina na Kiingereza, Kiswahili hakuna hata neno, wakati pakiti kwa nje imepambwa kwa Kiswahili kitupu. Kwa kuuza mnakijua Kiswahili, kwa kuelekeza hamkijui? Hata hivyo picha nilizifuata moja baada ya nyingine. Weka tepu katikati ya tabaka mbili za kitambaa. Weka pasi ya moto. Kuna saa imechorwa, pembeni yake "sekunde 5". Picha ya mwisho mwanamke anacheka amekumbatia mto. Nilifanya hivyo hivyo kwenye mapindo na kwenye pande zote nne, na usiku ule mito minne ilikuwa imekaa kwenye makochi kama ya dukani. Nilimwita baba watoto aje aione. Akasema, "Hii umenunua?" Nikanyamaza, nikaiacha sifa ipite.

Asubuhi ya Idd wageni wa kwanza walikuwa wifi yangu mkubwa na watoto wake kutoka Tanga. Wifi ni fundi cherehani, miaka ishirini na zaidi anashona. Akaketi, akaegemea mto wenye jina, nikasikia sauti ndogo kama mtu anayebandua plasta. Nikajifanya sikusikia. Alipoinama kuchukua kikombe, upande mzima wa mto ulikuwa wazi, sponji ya njano imetoka nje. Wifi akaushika mto, akaugeuza, akasoma jina lake taratibu, halafu akaniuliza, "Wifi, huu mto umefungua mdomo, unataka kusema nini?"

Sebule nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Lakini mpaka adhuhuri mito mitatu ilikuwa imefumuka, na wifi aliyekuja kula pilau alikuwa amekaa sakafuni na kopo langu la pini akibana mito yangu mmoja mmoja. Mgeni alikuja. Mwenyeji sijui kama alipona.

Wageni walipoondoka nilibandua tepu nione kuna nini. Ilitoka nzima upande mmoja, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na ilipokuwa imelala iliacha njia inayong'aa kama alipopita konokono. Haikuwa imeingia kwenye nyuzi hata kidogo. Ilikuwa imekaa juu tu. Wifi akaipitisha khanga katikati ya vidole, akasema, "Hukuifua." Ni kweli sikuifua. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, ndio unaoifanya isimame kama karatasi dukani, na nilitaka ing'ae vile vile siku ya sikukuu. Kwamba ina wanga nilijua. Kwamba wanga unaizuia gundi yenu isishike uzi, hilo nilipaswa kuambiwa na nyie, na katika picha zenu tano hakuna beseni wala sabuni.

Kwa kuwa kijana wenu aliisingizia pasi, nilifanya jaribio mwenyewe wiki iliyofuata, kwa mabaki ya khanga ile ile na pasi ile ile. Nilikata jozi tatu za vipande vya upana wa sentimita tatu, nikaunganisha kila jozi kwa tepu yenu. Ya kwanza ilikuwa khanga isiyofuliwa, sekunde 5 kama mlivyochora. Ya pili ilifuliwa kwa sabuni ya mche, ikasuuzwa vizuri bila dawa ya kulainisha nguo, ikakauka, kisha sekunde 5. Ya tatu ilifuliwa vile vile, ila juu yake niliweka kitambaa chenye unyevu, nikakandamiza pasi sekunde 15 bila kuisugua huku na huku, nikaiacha ipoe kabisa kabla ya kuigusa. Kisha nikazitundika kwenye kamba ya uani, kila moja ikiwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Ya kwanza ilianguka kabla sijaiachia vizuri. Ya pili ilidumu kiasi cha kunywa kikombe cha chai. Ya tatu niliikuta asubuhi bado inaning'inia, na mwanangu wa kati ndiye aliyeiangusha kwa kuivuta kwa nguvu zote, na hata hapo uzi wa khanga ndio ulioanza kuchanika.

Kwa hiyo ndugu Meneja, tepu yenu inashika. Hili nataka lieleweke, maana sikuandika barua hii kusema mmeniuzia takataka. Gundi ya namna hiyo ni lazima iyeyuke yote na kuzama kwenye uzi ndipo igande ikipoa, na khanga mbili zikipandana na pindo juu yake, sekunde 5 za pasi kavu hazifiki chini. Mvuke wa kile kitambaa chenye unyevu ndio unaopeleka moto ndani. Nimezitengeneza upya foronya zote nne kwa njia hiyo, zimeshafuliwa kwa mkono mara mbili, na ziko sawa. Ila mbili zina ule mng'ao wa konokono mbele kabisa, juu ya jina, na hautoki kwa kufua. Wifi anasema nipitishe pasi juu ya karatasi ili ivute gundi. Nimejaribu. Umepungua, haujaisha.

Sasa lipo jambo la pili, na hili halina cha pasi wala wanga. Pakiti zenu zimeandikwa mita 10. Kwa hesabu yangu mto mmoja wa aina yangu unakula mita 2 na sentimita 80 hivi, na minne ni zaidi ya mita 11. Ndiyo sababu nilinunua pakiti mbili, nikitarajia kubakiwa na karibu mita 9. Nilibakiwa na tatu na kidogo. Nikadhani nimekosea kukata. Nikarudi dukani kununua pakiti ya tatu, nikaifungua palepale mezani mbele ya muuzaji na kuipima kwa futi yake ya kupimia vitambaa: mita 7 na sentimita 20. Muuzaji akafungua nyingine ya kwake, nayo ikatoka mita 7 na sentimita 30. Akaziondoa zote kwenye rafu, akanirudishia hela ya hiyo ya tatu. Yeye amefanya lililo katika uwezo wake. Anayeandika mita 10 kwenye pakiti ni nyie.

Ninaomba yafuatayo. Kwanza, mnirudishie shilingi 25,000 za pakiti mbili, pamoja na shilingi 15,000 za doti iliyoharibika. Sidai nauli wala aibu. Pili, muweke kwenye kila pakiti karatasi ya Kiswahili yenye maneno haya tu: fua kitambaa kipya kwanza, tumia kitambaa chenye unyevu, kandamiza sekunde 15, usisugue, acha ipoe. Ni mstari mmoja, hata nyuma ya pakiti unatosha. Tatu, andikeni urefu uliomo.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, suala la urefu nitalipeleka Wakala wa Vipimo, kwa kuwa kusimamia vipimo vya bidhaa zilizofungashwa ni kazi yao, na la maelezo ya kwenye pakiti nitalipeleka Tume ya Ushindani. Pakiti zote mbili nimezihifadhi pamoja na zile jozi tatu za majaribio, ya tatu ikiwa na mchaniko wake.

Na tafadhali, kijana wa simu msimwadhibu. Mpeni tu hiyo karatasi ya Kiswahili naye aisome.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa Mbagala

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha nne za mito, kipande cha tepu kilichobanduka.