Ile siyo talaka

Mhariri, ile habari yenu ya mama wa hapa Mwanza aliyepata hukumu kwenye mahakama ya Kanisa mmeipa kichwa "Kanisa lavunja ndoa", sasa huku Kirumba watu wanacheka eti Wakatoliki nao wameanza talaka. Na mimi ndoa yangu ilitamkwa batili na mahakama hiyo, nimenyamaza miaka mingi ila juzi binti yangu kaja na gazeti mkononi kaniuliza, mama, kwa hiyo na wewe ni mtalaka?

Hakuna kilichovunjwa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1057, inasema ndoa inafanywa na ridhaa ya hao wawili na hakuna binadamu wa kuitoa kwa niaba yao, awe baba awe askofu. Ya 1103 inasema ukifunga kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ndoa ni batili. Mahakama inatamka tu kwamba tangu siku ile ya harusi ndoa haikuwepo.

Mimi nilikuwa na miaka 19, Ukerewe. Ng'ombe 12 wa mahari walishafika na baba kashauza watatu kulipa deni la injini ya mtumbwi, niliposema simtaki yule mtu akasema basi toka na mama yako atoke na wewe, mama alikuwa anaosha dagaa hakuinua hata kichwa. Padri alituhoji pamoja dakika kama kumi, mwenzangu yuko ubavuni kwangu, baba kasimama mlangoni, fomu inauliza umekuja kwa hiari yako nikaandika ndiyo, ile kalamu ilifungwa uzi kwenye mguu wa meza naiona mpaka leo. Altareni sauti ikagoma, nikaambiwa sema wasikie, nikasema, vigelegele vikapigwa. Nani aliridhia pale?

Na watoto wangu siyo haramu, kanuni ya 1137 inawatambua kuwa halali, maana baba yao alioa kwa nia njema.

Halafu hizi kamati za harusi nazo! Binti akisita wiki ya mwisho anaambiwa watu wameshachanga, ukumbi umelipiwa, utatuaibisha. Hiyo nayo ni kamba shingoni.

Mapadri wamhoji binti peke yake, mlango ufungwe, baba akasubiri huko mwaloni, na iwe kabla ng'ombe hawajatoka zizini kwao. Nanyi andikeni "ndoa batili tangu mwanzo", kwa herufi kubwa zilezile mlizoandikia "lavunja", maana binti yangu bado analo lile gazeti.

Mama wa watoto wawili,
Kirumba, Mwanza