Si ukavu, mzee wangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika katika safu hii wiki mbili zilizopita, akilalamika kwamba kijana wake karudi kutoka masomoni ng'ambo "amekauka". Mgeni akija anaulizwa mbona hakupiga simu kwanza. Shangazi akisema atapita kesho anaulizwa saa ngapi. Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao waliokauka. Nilisoma uhandisi wa maji kwa miaka miwili katika mji mdogo wa jimbo la Saksonia, mashariki ya Ujerumani, nikarudi Tanga mwishoni mwa 2024. Mama yangu naye alinisema hivyo hivyo, tena mbele za watu.

Kabla sijaondoka, Oktoba 2022, niliusiwa habari ya baridi tu. Kila aliyekuja kuniaga alileta soksi. Nilifika na jozi kumi na tisa! Baridi yenyewe haikunisumbua kiasi hicho, maana vyumbani mna joto na makoti ya mtumba yapo kule kama yalivyo huku. Kilichonitesa ni saa.

Saa yetu sisi imefungwa kwenye jua. Likishachomoza ni saa moja, likizama ni saa kumi na mbili, na mwaka mzima haipishani sana. Kule mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama. Nikimaliza kuswali adhuhuri, si punde alasiri imeingia, na magharibi inanikuta ningali darasani. Juni mambo yanageuka: saa tatu usiku watoto wako nje wanacheza mpira, na jua linawamulika. Juu ya hayo, saa yenyewe wanaichezea. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma kwa saa moja, Jumapili ya mwisho ya Machi wanaisogeza mbele. Nilikuwa nampigia mama kila Jumapili saa mbili usiku ya huku, na sikuwa na habari ya mchezo huo. Simu yangu ilijigeuza yenyewe usiku nikiwa nimelala. Nilipopiga, huku ilikuwa saa tatu, na mama alikuwa ameshakwenda kwa jirani kumweleza kwamba mwanawe ameanza kuwasahau. Mwezi mmoja tu tangu niondoke.

Kisha kikaja Kijerumani. Wakitaka kusema saa mbili na nusu asubuhi, wao husema "halb neun", yaani nusu ya kuiendea tisa, na tisa yao ndiyo saa tatu yetu. Mimi nilisikia nusu, nikasikia tisa, nikajumlisha: tisa na nusu. Nikatoa sita kama tulivyozoea, nikapata saa tatu na nusu. Basi nikafika ofisi ya uhamiaji saa tatu na dakika ishirini, nimejikunja vizuri kwenye kiti, najisifu moyoni kwamba Mswahili gani mwingine angewahi hivi. Miadi yangu ilikuwa imepita kwa dakika hamsini. Nikapewa nyingine ya wiki saba mbele, na kibali changu kilikuwa kimebakiza wiki tano. Walinipa karatasi ya muda ya kunishikiza, lakini usingizi niliokosa haukurudi. Tangu siku ile naulizia saa. Namwuliza kila mtu, na shangazi yumo. (Cha kuchekesha ni kwamba neno shule tulilitoa kwao, na hela vilevile. Saa yao ndiyo iliyotushinda.)

Jambo la pili ni "hapana". Mwalimu wetu mmoja alitualika kwake kula. Akaniuliza kama naongeza. Nikasema hapana, asante, nikingoja anilazimishe kama afanyavyo mama yeyote wa hapa mtaani. Akalibeba bakuli akalirudisha jikoni. Usiku ule saa tano nilikuwa bwenini nasonga ugali wa semolina. Hilo ni la kucheka. Lisilochekesha ni kwamba mwalimu huyohuyo alikuwa akiniuliza baada ya kipindi kama nina swali, nami nasema hapana, nina maswali kumi na mbili daftarini. Nilidhani akiona uso wangu ataelewa. Somo lile nililifeli, nikalirudia.

Sisemi ya kwao yote ni mazuri. Bibi wa mlango wa pili niliishi naye ukuta kwa ukuta miaka miwili, na jina lake nililijua kwa kulisoma kwenye kengele. Siku niliyompelekea sahani ya maandazi aliniuliza leo ni sikukuu gani.

Ombi langu kwa wanaoandaa semina za kuwaaga wanafunzi ni kwamba wawaachie nusu siku watu waliokwisha kufeli huko na kukosa miadi, waseme wenyewe. Habari za koti zinatosha. Na wewe mzee wangu, kabla hujamkemea kijana wako, mwulize ni siku gani alichelewa na alichelewa nini. Nina hakika anayo moja.

Mimi nimejirekebisha nusu. Wageni siwaulizi tena habari ya simu. Na shangazi akisema atapita kesho, nanyamaza zangu. Napika mapema, naweka sahani, nangoja. Alhamisi iliyopita nilingoja hadi saa tisa alasiri. Alikuja Ijumaa.

M. S. H.,
Chumbageni, Tanga