Greda Letu Limekufa Injini: Wito wa Harambee kwa Wana wa Kijiji, Mlio Nyumbani na Mlio Mbali

Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum.

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Oman na popote riziki ilipowapeleka, kamati ya barabara inawaandikia kwa unyenyekevu na kwa haya, maana hatujaacha kuwagongea milango. Zahanati mliijenga. Madarasa mawili ya sekondari mliyaezeka. Msikiti ulipohitaji kisima mlichanga nyote, na kengele ya usharika ilipopasuka mlichanga nyote tena, hakuna aliyeuliza hii ni ya dini gani. Mwaka huu tulikusudia kuwaacha mpumue. Lakini jambo lenyewe haliwezi kungoja mwaka mwingine.

Wengi wenu mlikuwepo masika iliyopita tulipomzika mzee wetu. Gari lililoleta mwili kutoka Dar lilipanda vizuri kwenye lami, Mombo, Soni, hadi Lushoto mjini. Lilipoacha lami na kuingia njia yetu, likafika kwenye kona ya mikaratusi likazama. Udongo mwekundu wa Usambara ukishanyeshewa mnaujua. Vijana walisukuma, wakatandika matawi, wakachimba, mwisho jeneza likashushwa. Kutoka pale hadi kwa marehemu ni kilomita 6 za kupanda. Likabebwa mabegani kwa kupokezana, watu wa mjini na suti zao wakianguka na kuinuka, mama mjane akishikwa huku na huku. Mara mbili jeneza liligusa tope. Mchungaji alifika kanzu imelowa hadi magotini, na shehe alikuwa amebeba upande wa mbele tangu kwenye daraja. Tulizika usiku kwa mwanga wa simu.

Siku ile hakuna aliyesema neno, kwa heshima ya marehemu. Leo tunalisema. Greda la kijiji, mtambo wa kuchonga na kusawazisha barabara, lilikuwa limeegeshwa karibu kabisa na nyumba yake, likiwa zima kila kitu isipokuwa injini. Na mzee huyo ni mmoja wa waliouza ng'ombe ili greda hilo linunuliwe.

Kwa vijana ambao hawakuwepo: mradi wa barabara kuu ulipokwisha, mkandarasi aliuza mitambo yake ya zamani, na wazee wetu wakaamua kununua Caterpillar 120G. Kila kaya ilitoa gunia la viazi au debe la maharage, wenye mifugo wakatoa mifugo. Watu wa vijiji vingine walisema Wasambaa hawa wamenunua chuma chakavu. Chuma hicho kimetulea. Kisu chake kina upana wa zaidi ya mita 3, na kabla ya kila vuli na kila masika kilikuwa kinainua mgongo wa barabara ili maji yamwagikie mitaroni. Bila mgongo huo maji hufuata alama za matairi, na msimu mmoja tu unatosha kugeuza njia kuwa korongo. Ndivyo ilivyo sasa. Fuso hazifiki tena kupakia kabichi, karoti na viazi vya kupeleka Kariakoo. Akina mama wanateremsha mizigo kichwani hadi Fuso zinapoishia, na dalali anajua kwamba mtu aliyeteremsha kabichi kilomita 6 hawezi kuzipandisha tena, basi anataja bei anayotaka yeye.

Kuhusu injini yenyewe, tumeulizwa sana kwa nini tusiitengeneze. Ni modeli 3304 ya Caterpillar, dizeli, silinda 4, lita 7, injini ngumu kweli, na imeshafanyiwa ovahoo, yaani kufumuliwa na kutengenezwa upya, zaidi ya mara moja. Fundi tuliyemleta kutoka Tanga alifungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, mbele ya wajumbe. Oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji ya rejeta yanaingia ndani. Alipofuatilia akakuta ufa kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini. Beringi zimelika mpaka shaba inaonekana. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imekwisha kuchongwa hadi saizi ya mwisho, haichongeki tena. Kuchomelea bloku yenye ufa kama ule, alisema, ni kutupa fedha za watu, naye hakubali kazi hiyo hata akilipwa. Tulimheshimu kwa kusema hivyo.

Habari njema ni kwamba injini za aina hii zilifungwa kwenye mitambo mingi, katapila la D4E na shoveli 930 zikiwemo, kwa hiyo za mtumba zinapatikana. Fundi ametuonya tusinunue kwa bei tu. Vishikio, nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la injini) na mpangilio wa gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) hutofautiana kati ya mtambo na mtambo, kwa hiyo yeye mwenyewe atakwenda Dar kuikagua na kuisikiliza ikiunguruma kabla hatujatoa hata shilingi. Giaboksi, haidroliki na matairi ameyakagua. Yako salama.

Hesabu ni hii. Injini shilingi 26,000,000, kuisafirisha 2,500,000, rejeta, mipira, filta, oili na vishikio 4,500,000, fundi na kreni 3,000,000. Jumla 36,000,000. Kijiji kimeshachanga 9,400,000, na humo kuna fedha za wajane na za watoto wa shule waliouza maplamsi. Zimebaki 26,600,000. Watu 266 wakitoa laki moja moja, tumemaliza, na ninyi mliozaliwa hapa mkaishi nje mnazidi idadi hiyo mbali sana. Wagoshi, mnapokuja Krismasi na Idi mnaacha magari kwenye lami na kupanda kwa bodaboda mkisema barabara imeharibika. Ni kweli imeharibika. Wazazi wenu wanaipita kila siku.

Waliopendekeza tukodi greda tumewasikia na tumeuliza. Kulipandisha mlimani kwenye trela, kwa kona zile, na kulishusha tena ni gharama kubwa kabla halijakwangua hata mita moja, nasi tunalihitaji kila msimu.

Fedha zote zitaingia akaunti ya kamati, watia saini watatu: mmoja wa usharika, mmoja wa msikiti, mmoja wa serikali ya kijiji. Kila mchango utapewa risiti. Taarifa itasomwa kanisani na msikitini na kubandikwa ofisi ya kijiji, pamoja na risiti ya injini na namba yake.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi, ili injini ifungwe kabla ya vuli. Kutakuwa na mnada wa mbuzi, kuku, ndizi na mboga. Walio mbali watume kwa simu kwa mweka hazina, au waandike ahadi kwa kiongozi wa kundi la mji wao, naye ailete siku hiyo ikiwa na jina na kiasi. Ahadi zote zitasomwa kwa sauti. Wenye nguvu waje Ijumaa na majembe, kutakuwa na msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzibua mitaro kuanzia kona ya mikaratusi.

Mungu awazidishie mlipotoa.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Barabara