Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo

YAH: NYUMBA ZA MAWE ZA MJI MKONGWE KUGEUZWA HOTELI NDOGO

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Nimefika Bagamoyo mara nyingi, lakini nilikuwa naingia asubuhi na kuondoka jioni, kama wafanyavyo wageni wengi wanaotoka Dar es Salaam. Safari hii nililala ndani ya Mji Mkongwe, katika hoteli ndogo ya vyumba vichache iliyofunguliwa ndani ya nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, na niliyoyaona humo na katika nyumba zilizoizunguka ndiyo yaliyonifanya nikuandikie hadharani. Nyumba hizi zinaweza kuokolewa na wageni wanaolala ndani yake, na zinaweza pia kuangushwa na matengenezo yanayofanywa kwa ajili ya wageni haohao. Kwa kuwa kibali cha ujenzi hupitia katika ofisi yako, naamini wewe unaweza kulisimamia jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote.

Nyumba ya mawe ya Bagamoyo haikujengwa kwa saruji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kwani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 3 hivi. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa jua linaporudi, kwa sababu chokaa hupitisha unyevu. Ukipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, udongo unaoshika mawe hulainika, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani huoza pasipo mtu kuziona. Mwenye nyumba akiona lipu imebanduka humwita fundi, fundi huongeza saruji, na ukuta huzidi kuharibika. Hakuna anayekusudia ubaya katika mlolongo huo. Saruji inapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, ilhali chokaa iliyolowekwa vizuri inahitaji muda, na mwashi anayeijua inabidi atafutwe.

Katika hoteli niliyolala, mwenyewe alikuwa amemtafuta. Kuta zilipigwa chokaa upya, madaka ya ukutani yakaachwa mahali pake, boriti zilizooza zikabadilishwa moja moja, na mabomba ya bafu yakapitishwa nje ya ukuta ili yakivuja yaonekane mapema. Chumba changu hakikuwa na kiyoyozi, na sikukihitaji, kwa kuwa unene wa ukuta na madirisha yanayotazamana vilitosha kuingiza upepo wa bahari hadi alfajiri. Mtaa huohuo nyumba nyingine yenye umri unaokaribiana na huo ilikuwa imevishwa saruji kuanzia msingi hadi juu, na lipu yake ilikuwa ikidondoka vipande vikubwa vilivyobeba mawe ya ukuta.

Hatari hii si ya kufikirika. Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka Zanzibar, katika Mji Mkongwe wa huko, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia na ambao una mamlaka yake maalumu ya uhifadhi. Bagamoyo, pamoja na njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, ipo tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO, yaani ya maeneo yanayofikiriwa kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Hadhi ya mji, hata ikiwa kubwa namna gani, haizuii ukuta kuanguka. Ukuta huzuiwa na mtu anayekaa ndani ya nyumba, anayeziba paa linapovuja na ambaye kipato chake kinategemea nyumba hiyo kusimama. Kwa sababu hiyo naziunga mkono hoteli ndogo, na nazipendelea kuliko kuyaacha majengo yafungwe yakingoja fedha za ukarabati.

Mgeni anayelala mjini hutumia fedha zake mjini. Vitumbua vya chai yetu vilitoka kwa mama wa jirani, samaki wa jioni alinunuliwa sokoni karibu na jengo la zamani la forodha, na usiku tulikwenda kutazama ngoma za vijana. Mgeni wa kutwa humaliza kuzunguka Ngome Kongwe, Boma na Kaole akiwa anatazama saa, kisha huondoka.

Lipo jambo jingine ambalo hoteli hizi hazina budi kulibeba kwa ukweli. Utajiri uliojenga nyumba nyingi za Mji Mkongwe ulitokana na biashara ya misafara, na misafara ilileta pwani pembe za ndovu pamoja na binadamu waliofungwa. Sewa Haji, ambaye jina lake wagonjwa wa Muhimbili wanalijua kwa wodi inayoitwa kwa jina hilo, alipata mali yake hapa kwa kuiuzia misafara mahitaji. Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, baada ya kuwashinda kwa mizinga watu wa pwani waliosimama na Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi yao. Mgeni asiuziwe habari za milango ya nakshi na mashuka meupe peke yake. Vijana wa Bagamoyo waliofundishwa historia hiyo waajiriwe kuisimulia, nao walipwe ipasavyo.

Naomba basi, Ndugu Mkurugenzi, kwamba kila kibali cha kugeuza nyumba ya mawe kuwa ya wageni kitaje vifaa vitakavyotumika, saruji isiguse kuta za kale, na kazi ikaguliwe kwa kushirikiana na wataalamu wa Mambo ya Kale kabla hoteli haijafunguliwa. Baraza ya mbele ibaki wazi kwa wapita njia, kwa kuwa nimeona mahali ilipozungushiwa nondo na wazee wakakosa pa kukaa. Kwa nyumba zenye warithi wengi, ambao wengine wako mbali na hawajagawana mirathi, halmashauri isaidie kuandaa mikataba ya upangaji wa muda mrefu, ili familia zisilazimike kuuza. Nyumba hizo ndizo nyingi zaidi kati ya nilizooneshwa zikiwa zimefungwa, na ndizo zinazohitaji kufikiwa kwanza.

Mwisho, sehemu ya ushuru wa nyumba za kulala wageni itengwe kwa ajili ya kuwafundisha vijana kazi ya chokaa chini ya waashi wazee wangali na nguvu. Mafunzo hayo yakianza kabla ya masika yajayo, kuta zilizokwisha kupasuka zitapata mafundi wa kuzitengeneza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu, Chumbageni, Tanga