Hameni PHP ya zamani, lakini si kwa kukurupuka

Mhariri,

Kila mwaka huzuka watu wanaotangaza kwamba PHP imekufa. Lugha hiyo ya kuandikia programu za tovuti, aliyoianza Rasmus Lerdorf mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, ingali hai. WordPress na Wikipedia zinaendeshwa nayo hadi leo. Kinachotia wasiwasi ni tovuti zilizotelekezwa kwenye PHP 5.6, iliyokoma kupata viraka vya usalama mwisho wa 2018, au 7.4, iliyofikia hapo Novemba 2022.

Wenye tovuti wanaogopa kuzigusa, na hofu yao ina msingi. PHP 7 ya Desemba 2015 ilileta kasi kubwa, lakini ilifuta amri zote za kuwasiliana na hifadhidata zinazoanza na mysql_. Hilo hugundulika upesi kwa sababu ukurasa hugoma papo hapo. Dawa yake ni kuhamia PDO au mysqli, njia mpya za kuwasiliana na hifadhidata, na thamani za mtumiaji zipitishwe kando badala ya kuunganishwa ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata.

Balaa ni mabadiliko ya kimyakimya. Kabla ya PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, ulinganisho 0 == "mteja" (yaani, je, vitu hivi viwili ni sawa?) ulitoa true (kweli), kwa kuwa neno liligeuzwa kwanza kuwa namba, likawa sifuri. Sasa namba ndiyo inayogeuzwa kuwa neno, na jibu ni false (si kweli). Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Programu inashika njia nyingine tu, na ruhusa ya mtumiaji inaangukia pasipotarajiwa. Switch, inayochagua njia kwa kulinganisha thamani, na in_array, inayotafuta thamani ndani ya orodha, zimekumbwa na jambo hilohilo. Pitieni kila ==, muweke ===, inayolinganisha pia aina bila kugeuza kitu, pale aina ya thamani inapojulikana, na in_array ipeni true katika nafasi ya tatu ili nayo iangalie aina. Ila thamani ya fomu hufika ikiwa neno hata kama ni tarakimu tupu, hivyo ipitisheni kwanza kwenye filter_var yenye FILTER_VALIDATE_INT, inayoihakiki na kuigeuza kuwa namba kamili, la sivyo === itaikataa.

Anzeni na nakala ya tovuti na hifadhidata kwenye seva ya majaribio. Washeni error_reporting(E_ALL) na log_errors, ili makosa na maonyo yote yaripotiwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Aliye kwenye 5.6 apande kwanza hadi 7.4 na kumaliza maonyo yote, maana 7.4 huonya kuhusu amri za each() na create_function() zilizoondolewa kwenye 8.0.

Siku za mbele zina matumaini. Tangu Novemba 2021 kuna PHP Foundation inayowalipa waandishi wa kiini cha lugha, toleo jipya hutoka kila mwaka, na sasa kila toleo hutunzwa miaka minne: miwili ya marekebisho ya kawaida, miwili ya usalama pekee. Kampuni zinazopangisha seva nazo zitangaze mapema tarehe ya kuzima toleo la zamani, na ziache matoleo mawili yafanye kazi sambamba ili wateja wapate nafasi ya kujaribu.

Msanidi wa mifumo ya tovuti